Risasi Kwenye Pindo la Pazia

Yule mzee nilikuwa namwonea kinyaa, na sioni sababu ya kulificha hilo sasa. Wenzangu wa kazi hii ya kulea wazee, tukikaa kunywa chai baada ya ibada kule Lanham, huku Marekani, husema ah, wangu ni kama babu yangu, namwosha kwa upendo. Hongera zao. Mimi wangu nilimwosha kwa sababu ndiyo kazi, pumzi nimeibana, na nikimaliza nanawa mpaka kwenye viwiko.

Wala si uchafu wa uzee uliokuwa ukinichefua. Nepi ni nepi. Nimebadilisha za wanangu, nimebadilisha za mama yangu kule Morogoro mpaka siku aliyofumba macho, na sikuwahi kugeuza uso. Shida yangu ilikuwa lile kopo. Mzee alitafuna tumbaku, tabia aliyoianza ujanani karakanani, na kila baada ya muda mfupi alitema ute mweusi ndani ya kopo la kahawa alilolipakata mapajani. Nusu iliingia koponi. Nusu ya pili iliishia kwenye ndevu, kwenye shati, na kwenye mkono wangu ninapomlisha. Kisha kwa midomo ileile akawa anajisifu.

Maana kwa kujisifu, jamani, sijaona wa kumshinda. Sebuleni kwake, mjini Falls Church, ukutani palitundikwa picha ya helikopta ya zamani imefungwa minyororo chini isije ikanyanyuka, na kando yake cheti cha kumpongeza yeye kwa kuituliza. Hakuingia mtu mle ndani akatoka bila hotuba. Fundi bomba, mleta dawa, akina mama wa kanisa, wote walipewa haki yao. Mimi hotuba ile, historia ya helikopta tangu mwanzo, naijua mpaka leo. Kulikuwa na Mfaransa aliyejiinua kimo cha goti, watu wanne wameishikilia mashine isipinduke. Mzee anacheka, anatema. Kulikuwa na baba na mwanawe waliorukaruka futi chache juu ya nyasi, kwenye uwanja mkongwe wa ndege uliopo huku huku Maryland, si mbali na ninapoishi Adelphi. Anacheka tena, anatema tena. Akaja Mhispania akayatia bawaba yale mapanga yanayozunguka juu, yaweze kupanda na kushuka. Huyo alimheshimu kidogo. Akaja Mrusi aliyehamia Marekani, akaweka panga dogo mkiani ili mwili wa mashine usizunguke kinyume na mapanga yake. Wote hao, anasema mzee, walitengeneza mashine ya kung'oa watu meno. Ilitetemeka mpaka rubani haoni saa za vipimo zilizo mbele yake. Mpaka alipotokea yeye, akagundua kwamba mapanga hayalingani uzito, akayalinganisha kwa vipande vidogo vya risasi vilivyofichwa kwenye ncha. Si risasi ya bunduki, ni madini yenyewe, yale mazito ya kijivu.

Helikopta zinazopita juu ya mtaa ule kuelekea mtoni ni nyingi. Masikio ya mzee yalikuwa yamekufa, na vile vifaa vyake vya kusikilizia alivichukia, alivitupa kwenye sahani ya uji. Lakini helikopta aliisikia kwa kifua. Inapopita ananyanyua kidole juu, anasema, haya, shukrani nimezipokea. Hakuna aliyemshukuru. Mimi niko jikoni nasugua sahani, nasonya mpaka mashavu yanauma.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti aliyepita miaka sitini, mwalimu mstaafu. Alikuja kila Jumapili. Kabla ya kuingia alikaa kwanza kwenye gari, mikono kwenye usukani, nami nikimwona kupitia dirisha la jikoni. Baba akianza hotuba, binti anatoka nje kwenda kutazama maua, na maua yenyewe hayakuwepo. Siku moja nilimfuata na kikombe cha chai, tangawizi ya kutosha, tukasimama kwenye nyasi, na hapo ndipo aliponieleza. Mama yake alikuwa mshonaji katika karakana ileile ya helikopta alikofanya kazi baba. Siku hizo panga la helikopta lilikuwa bomba la chuma na mbavu za mbao, limevikwa kitambaa, na kitambaa kikapakwa dawa kikakaza. Wanawake ndio waliokishona. Mama alimwambia mara moja tu, binti akiwa bado msichana, kwamba ile risasi ilikuwa wazo lake yeye mama, si la baba. Hakulirudia tena. Alikufa akijulikana mtaani kama mama wa mapazia, maana baadaye alishonea mapazia kila nyumba.

"Nataka kwake sentensi moja," binti aliniambia. "Akiri kuwa ni mama. Akisema hiyo moja, mengine yote nitamsamehe."

Mtu mzima yule, mwenye wajukuu, miaka yote hiyo anasubiri sentensi. Niliporudi ndani mzee alinyoosha kopo nikalimwage. Nililimwaga chooni huku nimefumba macho, na nilimchukia.

Jioni nikamsimulia binti yangu mezani. Ana miaka kumi na minne, amezaliwa huku. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kizungu, ndivyo tunavyoishi. Siku hiyo nikajitutumua kwa Kizungu, ili kisa kimwingie vizuri. Sasa sisi "yeye" yetu haina mke wala mume. Amekuja, amelala, amekufa, haisemi ni nani. Kizungu kina "hi" ya mwanamume na "shi" ya mwanamke, na miaka yote hii hapa Marekani bado zinanipiga chenga mdomoni. Nitamwita dada yangu "hi", nitamwita mchungaji "shi", na najua tofauti, lakini ulimi umeshatangulia. Basi kila nikisema "hi" anakaa kwenye gari, "hi" anangoja, mtoto ananikatiza, mama, ni "shi". Mara ya tano nikamwuliza, nimekuzaa mimi au umenizaa wewe? Akaurudia ugali wake, na mimi kisa sikukimaliza.

Sasa niseme habari ya mapazia. Pale sebuleni palikuwa na mapazia mawili makubwa aliyoyashona marehemu mkewe, na mzee hakuruhusu yaguswe. Zamani nadhani yalikuwa ya kijani. Nilipoyakuta mimi yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, yanagandana na vidole, yananuka tumbaku na mafuta ya kukaangia. Mwaka mzima nilipita nimelikunja bega nisiyaguse. Asubuhi moja ya mwezi wa tano nikashindwa. Mzee alikuwa amesinzia kitini. Nikapanda kigoda, nikayafungua, na yakaniangukia kichwani na vumbi lake lote. Nzi waliokaukia humo wakaingia kwenye shingo ya blauzi yangu. Loo, nilikimbilia jikoni nikatapika kwenye sinki, sisemi uongo. Kisha nikayasokomeza kwenye mashine ya kufulia, nikamimina sabuni ya kufulia nguo za ukoo mzima.

Ilipofika kwenye kukamua, mashine ikaanza kudunda. Ikadunda kwa nguvu, ikahama ukutani, ikawa inatembea kuja mlangoni na mimi nimesimama hapo. Nyumba nzima ikatetemeka, vikombe vikagongana kabatini, picha ya helikopta ikaenda upande. Nikaruka nikaizima. Nilipoyatoa mapazia nikayapapasa, nikakuta kwenye pindo la chini kuna vitu vizito vimeshonewa ndani. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani, sikuhitaji kuambiwa. Mama yangu alitia sarafu kuukuu kwenye pindo la pazia la mlangoni, ili upepo usilipeperushe. Huku ilikuwa risasi, vipande bapa, kila kimoja kwenye kifuko chake, mishono midogo iliyonyooka sawasawa. Vifuko vya upande mmoja vilikuwa vimechanika, risasi imetoka, ndiyo maana mzigo ulielemea upande mwingine.

Nikarudi sebuleni na pazia mkononi, linachuruzika maji. Mzee alikuwa macho. Alikuwa ameishika mikono ya kiti, mtetemo ule umemfika kifuani, kopo limeanguka, ute wote umemwagikia zulia. Alikuwa analia. Nilidhani ni kwa ajili ya mapazia, nikajiandaa kutukanwa, nikamwomba radhi, nikamwita mzee, maana mkubwa ni mkubwa hata kama anakutia kichefuchefu. Alilivuta pindo akaliweka kiganjani, akawa analipapasa kwa kidole gumba, kifuko kimoja baada ya kingine.

"Ni yeye," akasema, kwa ile "shi" yao. "Ni yeye aliyefanya. Lete kalamu."

Hapa lazima nieleze tunavyoandika kazini. Kila zamu huandikwa kwenye daftari, na hatuandiki mimi wala wewe. Msimamizi wangu, nesi Mkenya mwenye haraka zake, alinifundisha siku ya kwanza kumwita mzee klayenti, yaani mteja: klayenti amekula, klayenti amekataa dawa. Andika vile amesema, usiongeze yako. Kama haijaandikwa, haikufanyika. Nilishika hilo somo kuliko Amri Kumi. Kwa hiyo mzee alipoanza kusema nikaandika kama ninavyoandika zamu. Juu nikaweka: klayenti anazungumzia helikopta. Kisha nikafuata maneno yake, sentensi kwa sentensi, kwa Kizungu changu.

Mkewe hakumtaja kwa jina hata mara moja. Tangu afe, mzee alimwita yeye tu. Nami sikuona haja ya kuuliza, maana nilijua ni nani, pazia lake si hili tumelishika wote wawili? Alisema mashine ilitetemeka wiki nzima, mainjinia wamenuna. Alisema mvua ilikuwa imenyesha, na yeye ndiye aliyesema kwamba mbao na kitambaa vimekunywa maji, tena si sawasawa. Yeye aliyapima mapanga yote matatu, akakuta kila moja na uzito wake. Yeye alikwenda nyumbani akafumua risasi kwenye pazia lake mwenyewe, akaja akaishonea kwenye ncha ya panga lililokuwa jepesi. Kulipokucha wakawasha, na mashine ikatulia kama ng'ombe anayekamuliwa.

Nikamwuliza, na wewe mzee, ulikuwa wapi? Akasema alikuwa ameshika mti. Siku zile ncha za mapanga zilipakwa chaki, kila panga na rangi yake, kisha mtu anasimama na mti mrefu wenye kitambaa cheupe, anausogeza taratibu mpaka ncha zinazozunguka ziguse kitambaa. Alama za rangi zinaonyesha panga lipi linapanda na lipi linashuka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Nikaandika na hilo. Nikamwuliza tena, sasa walipotaka kujua ni nani aliyeituliza mashine, ilikuwaje wakakupa wewe cheti? Mzee akageuza uso. Akatafuta kopo, akalikosa, akatema kwenye leso.

"Hilo usiandike," akasema.

Msifikiri nilimhurumia. Nilizidi kumwona takataka. Mwizi wa nje unamfungia mlango. Huyu alipikiwa, akafuliwa, akalala ubavuni mwa mwanamke aliyemwibia mpaka akamzika, na hata siku ya kutubu anachagua cha kuandikwa. Lakini sentensi ya binti ilikuwa imepatikana, tena si moja, ni ukurasa mzima. Nikamsomea. Vile vifaa vya masikio vilikuwa jikoni na hakutaka niende kuvileta. Aliitazama midomo yangu, akawa anaitikia kwa kichwa kila mwisho wa mstari, halafu akatia sahihi yake iliyotikisika. Akasema nimpe binti yake karatasi hiyo, ila akishafukiwa, si kabla.

Uoga mtupu. Jumapili ile binti alipokuja na kukaa kwenye gari lake, nusura nimtolee dirishani bahasha niliyoutia ule ukurasa. Lakini mimi nimelelewa kwamba wasia wa mzee haufunguliwi kabla ya siku yake, nikauacha ndani ya Biblia yangu. Jumapili mbili nilimmiminia chai nimenyamaza. Sikuusoma tena ule ukurasa, maana si wangu.

Mzee alikufa wiki ya tatu, mchana, kitini pake. Baada ya mazishi binti alinipigia niende kumsaidia kuondoa vitu. Nikavuka mto kwa barabara ya mzunguko, msongamano kama kawaida, moyo mwepesi. Njia nzima nafikiria uso wake utakavyokuwa. Nilimkuta na mifuko ya takataka, cheti ameshakishusha. Mapazia niliyoyafua na kuyatundika upya alikuwa ameyakunja miguuni. Nikampa bahasha. Nikamwambia baba yake aliniandikisha, akatia sahihi, na kwamba ni lile jambo alilokuwa akilingoja. Akakaa kwenye kigoda. Akaigeuzageuza bila kuifungua, nikamfungulia mimi.

Akasoma mpaka chini, akarudi juu akasoma tena. Nilikuwa nimeshatoa kitambaa cha kumfutia machozi. Akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha, akanirudishia karatasi.

"Hata kufa hakukumfundisha," akasema.

Sikuelewa. Nikautazama mwandiko wangu mwenyewe, mzuri, wa mtu aliyesomea shule ya masista. Juu: klayenti anazungumzia helikopta. Chini yake: "hi" alisema mbao zimekunywa maji. "Hi" aliyapima mapanga. "Hi" alifumua risasi kwenye pazia. "Hi" aliishona. Ukurasa mzima "hi", "hi", "hi", mpaka kwenye sahihi yake. Toba ya mzee nilikuwa nimeigeuza kuwa hotuba ileile ya ukutani, ila safari hii kwa maandishi na kwa sahihi ya mtu anayekufa.

Nikaanza kueleza, kwamba sisi kwetu hatuna mke na mume kwenye "yeye", kwamba ni kosa langu, kwamba alilia, alilishika pindo hili hapa, alisema ni mama. Na kadiri nilivyoeleza ndivyo ulimi ulivyoniadhiri. Nikajisikia nasema mama yako, "hi" ndiye aliyeshona, ni "hi", nakuapia. Yule binti akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko angenitukana.

Akaniwekea mkono begani. "Wewe ni mtu mwema," akasema. "Lakini usimsemee uongo kwa ajili yangu."

Kisha akayatia mapazia mfukoni na kuufunga mdomo wa mfuko. Nikamwomba moja. Akanipa bila kuuliza la nini. Nilipofika Adelphi nilibaki kwenye gari, mikono kwenye usukani, kama yeye alivyokuwa akifanya kila Jumapili. Nilijiona kwenye kioo. Mwaka mzima nilikuwa namkunjia uso mtu mwingine, nanawa mpaka viwikoni, na siku hiyo hapakuwa na sabuni ya kunitakasa mimi.

Nikapanda juu. Binti yangu alikuwa mezani na vitabu vyake. Nikamwekea ile karatasi na kalamu nyekundu, nikamwambia kisa chote mpaka mwisho, nikamwambia anisahihishe. Nilingoja acheke, hakucheka. Akaanza mstari wa kwanza, akakata "hi", akaandika "shi" juu yake. Akakata nyingine. Nilijua vizuri kwamba ukurasa uliosahihishwa kwa wino wa mtoto hautamshawishi mtu yeyote, tena baada ya sahihi. Hata hivyo nilitaka kuuona ulivyopaswa kuwa. Karatasi ikageuka nyekundu. Karibu na mwisho akasimamisha kalamu hewani, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaniuliza kwa Kiswahili, kile chake cha kukwaruza.

"Mama, na huyu aliyeshika mti?"

Nikamwambia huyo ni mzee mwenyewe, huyo mwache.

Akamwacha. Ukurasa mzima, yule mzee alikuwa amejitajia kazi moja tu, ya kushika mti. Hizo nyingine zote nilimpa mimi.